Muhtasari wa Kikao cha Tatu

Tulikuwa sita. Wanne wana kamera,
mmoja ana darubini yenye kioo kilichoota ukungu,
na mimi nina kalamu, ndiyo maana nikafanywa katibu.
Chumba cha maabara, skuli ya Konde, baada ya Isha.

Ajenda ya kwanza ilikuwa jina.
"Kongamano," alisema Asaa Kombo, "linataka tai,
linataka chupa za maji zenye nembo na mgeni rasmi anayechelewa.
Sisi tunataka giza."
Tukaandika Kesha. Kesha la Wapiga Picha za Nyota.
Hakuna aliyepinga, hata Mbarouk, naye hupinga hata salamu.

Kisha tarehe, na hapo ndipo chai ilipopoa.
Anayepiga picha mbingu haombi mwezi,
anaomba usiku ule ambao mwezi umejificha,
na usiku huo, Bi Time alipofungua kalenda,
uliangukia ishirini na tisa Shaaban,
siku ambayo Pemba nzima iko nje, uso magharibi,
inautafuta mwezi huo huo tunaoukimbia.

Ukionekana, tumefunga. Usipoonekana, tunakula.
Ratiba gani hiyo ya kupeleka kwa mchapaji?
Faki, mshika fedha, akakata chakula cha mchana kwa wino mwekundu,
akaandika daku, akatabasamu
kama mtu aliyeona bajeti ikikonda kwa baraka.
Tukakubaliana ratiba ziwe mbili, mgongo kwa mgongo;
mgeni atageuza karatasi redio ikishatangaza.

Mbarouk akauliza: mwandamo ukinaswa na kamera kabla ya jicho,
ushahidi ni wa nani?
Swali hilo tuliliruka
kama dimbwi mlangoni pa msikiti, kanzu mkononi.

Na Bi Time, anayefundisha fizikia kwa chaki ya kukopa,
akasema taratibu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine:
saa kumi za usiku, watu wanapopasha viporo,
kitovu cha Njia ya Maziwa kitakuwa juu ya minazi, kusini mashariki,
kimeumuka kama mkate wa kumimina.
"Miaka yote hii tumeamka daku," alisema,
"tukatazama sahani."

Hapo sikuandika kitu. Katibu naye ana shingo.

Ikabaki taa, ile ya sola ya njiapanda,
ambayo sheha aliipigania kwa miaka miwili na mafaili matatu.
Chini yake watoto wa chuoni hudurusu,
wauza pweza huhesabu chenji,
nasi tumwandikie: tafadhali, tuifunike gunia,
ni usiku mbili tu.
Barua niliirasimu mara nne.
Ya kwanza ilisomeka kama ombi la wezi.
Ya nne ilipelekwa Alasiri; jibu halijaja.

Mengineyo: saa tatu na robo umeme ulikatika.
Kwa kawaida mtu husonya. Sisi tuliangusha viti.
Nyuma ya ukuta wa skuli, ambako taa ya sheha haifiki,
Mbarouk aliegemeza simu kwenye tofali,
akaitegemeza kwa kandambili yangu,
sekunde thelathini, msiguse, msikohoe,
na sote sita tukabana pumzi kama wapiga mbizi,
mpaka Asaa akashindwa, akaangua kicheko,
nasi tukamfuata.

Picha naiambatisha hapa kwa kumbukumbu.
Kilimia kimejikunja pembeni, kama wanaonong'onezana.
Nyota nyingine, majina yake siyajui, nimeacha nafasi.
Na chini, kutoka kushoto, mstari mweupe unaoyumba:
tochi ya sheha,
akija na barua yetu mkononi
kuuliza ni kina nani hao wanaocheka gizani.