Jiwe la Nne Kutoka Mlangoni

Jumanne, saa nne asubuhi, Old Moshi. Hakuna ibada.
Ndelilio anakuja na ndoo, kandambili zimelowa,
ufunguo umening'inia kwenye kamba ya kiatu.
"Unataka kusali au kuangalia?"
Sijui.
Nasema: kuangalia.

Bibi alisema kanisa hili lilijengwa kwa shingo.
Kila aliyetaka maji ya ubatizo
alipanda kutoka mtoni na jiwe kichwani,
naye, binti wa miaka kumi, alichagua lake vibaya:
la mviringo, lisilotaka kutulia.
Fundi alilisukumiza ukutani kwa hasira.
"La nne kutoka mlangoni, upande wa mlima,
usawa wa goti langu la siku zile."

Nahesabu. Hakuna mawe.
Kuna lipu laini, rangi ya maziwa,
na alama ya kiganja cha mtoto mwenye tope.
"Tulipiga mwaka wa jubilei," anasema Ndelilio,
kidevu juu. "Mifuko arobaini ya saruji.
Watu waliuza kahawa ikiwa bado mtini."
Nasema imependeza.
Imependeza kweli.

Ndani, mabenchi yamebonyea katikati,
yameliwa na makalio ya vizazi vitatu.
Dirishani mlima umejifunika, kama desturi yake
mgeni akija.

Anafungua mlango wa nyuma kumwaga maji machafu.
Huku ndiko fedha zilikoishia:
hatua mbili za ukuta ziko uchi,
mawe meusi, kuvu, buibui mmoja mwenye shughuli zake.
Nachuchumaa. Naweka kiganja.
Si lake. Lake liko kule mbele, gizani,
pengine bado halijatulia.
Hili ni la mtu mwingine, na ni baridi,
na sina wa kumuuliza jina.

"Wewe ni wa nani hasa?"
Wa Aikande, wa mfereji wa juu.
Ndelilio anageukia kitabu cha wageni
nilichokwisha kujaza: jina, nilikotoka, Arusha,
na kwenye maoni, mstari mtupu.
"Mjukuu wa Aikande, mgeni?"
Anafuta kwa kidole chenye maji ya sabuni.
Wino unatambaa. Jina langu linageuka doa la bluu,
halisomeki, wala halitoki.

"Basi shika dekio," anasema.
"Bado madhabahuni."