Hakuwa Akifukuza Nyuki

Mapipa arobaini yalirudi kutoka Dar es Salaam,
vifuniko vimevimba, yananuka pombe.
Barua ilikuja nayo, kurasa tatu, muhuri wa buluu.
Mimi, karani wa mizani, nikaisoma mkutanoni
kwa ile sauti yangu ya kiserikali:
"Unyevu uliozidi kiwango stahiki cha ubora."
Wanachama wakapiga makofi.
Walidhani ni pongezi.

Mihambo peke yake aliuliza:
"Hicho kiwango kinakaa hapa Sikonge, au Tabora mjini?"
Tukacheka. Sikumjibu,
maana hata mimi sikujua kinakaa wapi.

Sasa niseme la Kalunde.
Kila msimu huleta ndoo mbili kutoka Ipole,
zimefungwa kwa khanga, hazichuruziki.
Hasikii tangu homa ya utotoni.
Kila msimu alisimama kando ya mizani yangu,
akizitazama ndoo za wenzake, akipunga mkono
hivi, halafu hivi,
kiganja juu ya kiganja, kisha kichwa kutikisika.
Nami nikimwambia kwa mdomo: Mama, hawaumi,
nyuki wa ghalani wamechoka.

Mpaka siku aliyokuja na Nyanzala, binti wa dada yake,
kumsaidia kubeba.
"Mama mkubwa hafukuzi nyuki.
Anasema sega hili halijazibwa.
Nta haijafunika. Asali bado ni maji.
Anasema alianza kusema mwaka juzi."

Mwaka juzi.
Nikapiga hesabu nyuma ya kitabu cha stakabadhi:
mapipa, nauli ya lori, riba ya benki.
Sikufika mwisho.

Siku hizi mlangoni hakuna barua.
Kuna masega mawili yamechorwa kwa mkaa,
moja limezibwa, moja wazi:
HILI LETE. HILI SUBIRI.
Wasiosoma, Mihambo huwaeleza kwa Kinyamwezi,
akiongeza chumvi zake.
Na kura haipigwi mpaka mikono ya Nyanzala itulie.
Tunachelewa, ndiyo, nusu saa.
Lile lori lilituchelewesha mwaka mzima.

Nami najifunza, vidole vikavu kama kuni.
Juzi nilitaka kumwambia asante.
Kalunde akacheka mpaka akaegemea mizani:
kumbe nimemwambia yeye ni ndoo.
Akanishika kidole, akakinyoosha,
akasema tena.
Nikasema tena.
Mshale wa mizani ulikuwa bado unacheza.