Fomu Kubwa kama Mlango

Tuliuza kondoo kumi na saba na farasi wa baba,
yule mwekundu aliyejua njia ya nyumbani kwenye theluji,
ili Begimai akasome sheria Bishkek.
Miaka mitano. Baba aliihesabu kwa vidole,
mama kwa mazulia ya sufi aliyoyashona, akayauza.

Tulidhani atarudi na gari.
Alirudi na basi la saa tisa, sanduku moja mkononi,
akaomba meza nyuma ya posta, karibu na jiko la makaa,
akawa anaketi hapo kila Jumanne.

Wa kwanza kuja ni Bibi Kalipa,
na barua iliyokunjwa mara nane hata herufi zimekatika.
Limekataliwa, barua ilisema.
Yeye alisoma: limekubaliwa.
Miaka miwili aliisubiri pensheni
akimwombea karani kila usiku.

Dada akainyoosha kwa kiganja.
Hakumcheka. "Wameisahau miaka yako
ya kukama ng'ombe shamba la serikali.
Kumi na mmoja. Nani alikuona?"
Mashahidi wakapatikana: wazee wawili,
na meno matatu baina yao.

Malipo? Jibini kavu. Soksi.
Mara moja jogoo, mkali, akanichana mkono.
Usiku, tukimenya viazi, nikashindwa kunyamaza:
"Vitabu vimemla farasi wa baba,
nawe unatulipa soksi?"
Alichukua kiazi kingine.
Soksi nilikuwa nimezivaa.

Theluji ilipoanza kuyeyuka
akachora fomu ukutani, kubwa kama mlango,
akawafundisha vikongwe kuijaza:
hapa jina, hapa miaka,
hapa usitie sahihi hata wakikuharakisha.
"Unakata tawi ulilokalia," nikamwambia.
"Na mimi nimechoka kukaa," akasema.

Jumanne iliyopita nilipita posta.
Kiti chake kitupu. Alikuwa uani,
anapasua kuni, koti kalitupa kwenye ua.
Ndani, Kalipa, miwani imefungwa kwa uzi,
kamkamata mkono mchunga ng'ombe mmoja kijana:
"Hapo. Rudia. Wameandika nini hapo?"
Kijana akasoma, akakwama, akasoma.

Nilisimama mlangoni na barua yangu ya kodi ya malisho,
ile niliyoificha tangu vuli.
Nikamkumbuka farasi,
alivyotangulia gizani bila kugeuka nyuma,
nasi tukikanyaga palepale alipokanyaga.

Nikavua kofia. Nikapanga foleni.