Kiganja cha Mdakaji

Wengine watakusimulia kwa macho, Kanyere.
Mimi nakujua kwa kiganja:
hapa, chini ya kidole cha shahada,
pana wekundu usiotoka tangu mvua za Machi.

Saa kumi na moja alfajiri, Himbi bado giza,
nasikia bidoni zako zikigongana getini.
Mbili, za lita ishirini, moja kila mkono,
maana bega linalobeba peke yake, unasema,
hujifanya chifu, kisha huvunjika.
Unamimina kwenye pipa la mama, unarudi kuteka.
Ukimaliza ndipo unauliza kama nimeamka.

Uwanja wetu ni lava iliyopoa.
Mpira ukianguka hudunda anakotaka mlima.
Tuta la kurushia hatukulijenga,
tulilikuta, nundu ya mwamba mweusi,
nawe ukakaa wiki nzima na nyundo ya kukopa
ukilichonga, hata mguu wa kulia ukapata kitanda.
Viatu huliwa pale. Cha kulia hufa kwanza.

Mpira wa maana ni mmoja.
Fundi Bauma wa Birere huushona upya kila mwezi kwa uzi wa kiatu,
naye haheshimu hesabu za viwandani:
mwezi huu mishono tisini na miwili, ujao mia na kumi.
Basi kila mwezi unajifunza mpira mgeni,
unaupapasa gizani kama mtu atafutaye kiberiti,
unaunusa,
kisha unaniambia: huu utapinda kushoto.
Na hupinda.

Sitini kwa siku. Si sitini na moja.
Unachora vijiti nyuma ya daftari la takwimu,
vinne vimesimama, cha tano kimelala.
Nikikuomba mmoja zaidi, kwa raha tu,
unavua glovu: mkono si mtumishi wa raha.

Ukikosea, hunitazami.
Unainama, unaokota kokoto, unaitia mfukoni.
Basi. Kosa limekwenda.
Nilidhani ni ushirikina wa kwenu Butembo,
nikacheka.
Hukucheka.

Jumapili, na wale wa Bukavu waliokuja kwa meli ya usiku,
vituo vyote vitatu vina watu wao.
Nilikuonyesha vidole viwili. Ukatikisa kichwa.
Kimoja. Ukatikisa kichwa.
Sikuwa na kidole kingine cha kukushauri.
Ukarusha wako.
Mwenye gongo, mwanafunzi mnene wa sheria,
akaupeleka juu ya ukuta wa mabati, barabarani,
ndani ya chukudu iliyosheheni makala.
Nusu saa mchezo umesimama, tunakimbiza makala!
Uliporudi ulikuwa mweusi kama sufuria,
nasi tumekwisha kufungwa.

Hukulia. Hukuulaumu upepo.
Mfuko wako tu ulining'inia upande mmoja
ulipoondoka, kama wa mtu
abebaye funguo za nyumba nyingi.

Leo saa kumi na moja bidoni hazikugongana.
Nilikaa kitandani nikisikiliza.
Kisha mvua ndogo, kavu, mlangoni.
Nikafungua. Umepiga magoti,
unamwaga kokoto kizingitini, unazipanga.

"Kumi na saba," ukasema. "Naikumbuka kila moja.
Hii, kiwiko kilishuka.
Hii, niliwaza ada ya muhula.
Na hii" (kubwa, yenye vitundu kama mkate)
"niliviona vidole vyako, nikavidharau."

Nilikuwa na neno. Kiganja kikanitangulia,
kikafunguka.
"Tuanze na hiyo?"
"Hapana. Na ya kwanza. Kila moja nitairusha upya."
Ukanipa mpira, bado una masizi,
ukatoa daftari, ukapiga hesabu kwa sauti:
kumi na saba kutoka sitini.
Zinabaki arobaini na tatu
za kujifunzia kitu kipya.