Gereza la Jumapili

Nilikuja Goa kwa ajili ya bahari, sikatai.
Nilitaka mchanga, dafu, na uvivu wa siku saba.
Mchanga nikaukuta: ng'ombe watatu wameulalia,
wanacheua kando ya viti vya plastiki,
na Mrusi mmoja, mwekundu kama kamba wa kuchemsha,
anawapiga picha huku akiwarudisha nyuma kwa mkono
kama wageni wa harusi.
Mlinzi wa waogaji, Tukaram, akapuliza kipenga.
Si kwa ng'ombe. Kwa Mrusi.

Chumba nilikipanga kijijini, kwa Bi Ermelinda Colaço,
nyumba ya babu wa babu yake:
buluu ya kuta inabanduka kama ngozi iliyoungua jua,
na madirisha hayana vioo, yana magamba ya chaza
yaliyosuguliwa hadi wembamba wa kucha.
Jua likipita humo
huingia ndani likiwa tui.

Alfajiri muuza mkate hupita na baiskeli
akifinya honi ya mpira, po-po, po-po,
na Bi Ermelinda hushuka ngazi na kikapu na deni la jana.
"Huyo," aliniambia, "ndiye saa pekee inayofanya kazi humu."
Ile ya ukutani ilisimama saa tisa kasorobo
mwaka walioondoka Wareno,
au mwaka aliokufa mumewe;
inategemea nani ameuliza.

Siku ya tatu mvua iliwahi, ikatufungia ndani.
Akagonga ubao tuliouegemeza viwiko: "Mez."
"Meza," nikasema.
Akanitazama kama niliyemwita kwa jina lake la utotoni.
Akachomoa kitambaa kwenye mkono wa gauni: "Lens."
"Leso."
Akaenda kabatini, akarudi na chupa yenye vumbi,
akaifuta kwa hiyo hiyo leso: "Vinho."
"Mvinyo," nikasema,
na glasi ya pili ikapatikana.

Tukawa kama watu wawili walioibiwa na mwizi mmoja,
wanalinganisha vitu alivyoviangusha alipokimbia.

Kisha akanyoosha kidole nje,
kwenye mnara mweupe ng'ambo ya mashamba ya mpunga.
"Igorz," akasema. Nyumba ya Mungu.
Ulimi wangu ukasita.
"Gereza," nikasema. "Ila kwetu,
humo hufungwa watu."

Hakucheka.
Mvua ilikuwa ikihesabu magamba ya chaza, moja moja.
"Ninyi," akasema hatimaye, "mliwasikia vizuri."

Akanisimulia kwamba kabla ya Colaço palikuwa na jina jingine,
na kabla ya mnara palikuwa na hekalu, papo hapo.
Jina hilo bibi yake alilitamka mara moja tu,
akisaga nazi kwenye jiwe,
na yeye, mtoto wa miaka sita,
alikuwa akimwangalia kuku.
"Nilikuwa namwangalia kuku," akarudia.
Akageuza glasi, akaigeuza tena.
"Nilibatizwa humo. Niliolewa humo. Zeferino nilimuaga humo.
Na napenda kuimba humo. Haya, sasa utanifanyaje?"

Sikuwa na jibu. Nikammiminia.

Jumapili kengele ziliamka kabla ya honi.
Alishuka na gauni la kijivu, shela ya lesi,
poda shingoni, kitabu cha nyimbo kwapani.
Mlangoni akageuka, akalitafuta neno langu,
akalipata, akalisema polepole kwa lafudhi ya kwao:
"Gereza." Akaonyesha mnara kwa kidevu.
Safari hii alicheka,
mpaka akalazimika kushika mwimo wa mlango.

Bahari ilikuwa mwendo wa dakika kumi.
Sikwenda.
Nilikaa mezani na mkate wa moto
nikalisikiliza gereza likiimba,
nikaitafuta sauti yake kati ya sauti, nikaipata:
juu kidogo ya zote,
na nusu pumzi nyuma.