Waya wa Kijani

Nyawa alinijia Alhamisi, saa nne na ushei,
akiisukuma toroli yake ya magurudumu matatu
kutoka feri hadi Mwembe Tayari,
madafu mia na arobaini bado yako juu,
shati limemganda mgongoni kama stempu.
"Fundi Mwanasha, imenifia pale pa kupandia,
nikitoka kwenye feri. Watu nyuma yangu kama siafu,
na kila mmoja ana tusi lake."

Nikamuuliza: ilizima, au ilitetemeka?
"Ilizima."
Ilipata maji?
"Maji ya wapi?"
Nikamwambia mficha uchi hazai.
Akayatazama madafu.

Hapo ndipo ningeshika mita.
Ilikuwa pale pale, imening'inia msumarini,
waya zake mbili zimejikunja kama masharubu.
Sikuishika. Nikafungua mdomo:
hii kontrola yako ni ya baiskeli.
Na ilikuwa kweli, ndiyo maana kosa lile lilinoga.

Ubavuni wameandika wati elfu moja na mia tano.
Nikatoa parafujo nne, nikamwonyesha ndani:
transista sita, zimepangwa kama meno ya mtoto.
Ya mzigo huwa nazo kumi na mbili, kumi na nane,
na mapezi mgongoni ya kupunga joto.
Ipime kwa kiganja, nikasema. Kibandiko huandikwa na muuzaji,
uzito haumsikilizi mtu.
Tena sitini kwa sitini: betri ya volti sitini
usiipe kidude cha arobaini na nane, kitapasuka kapasita.
Na amperi, soma zile za kudumu,
si zile za nukta mbili za kujionyesha.

Maneno mazuri. Nayaamini hata leo.
Nikamuuzia kubwa, elfu kumi na moja na mia tano:
nusu mkononi, nusu kwa simu usiku,
na jina lililotokea kwenye ujumbe
lilikuwa la mkewe.

Jumamosi akarudi.
Akisukuma.

Sasa akayatapika yote. Haikuzima,
ilitetemeka kama mwenye homa;
ukiisukuma hatua mbili, inashika, inakwenda.
Na ndiyo, siku zile za bamvua
maji ya chumvi yalimfika hadi kwenye ekseli.
"Niliogopa utasema ni mota.
Mota sina pesa yake."

Yeye aliogopa mota.
Mimi niliogopa neno sijui.

Tukaliinua gurudumu juu ya kreti ya soda.
Nyekundu na nyeusi: volti tano, salama.
Kisha nikalizungusha kwa mkono, taratibu,
huku nikizigusa zile waya nyembamba, moja moja.
Manjano: sufuri, tano, sufuri, tano.
Buluu: sufuri, tano, sufuri, tano.
Kijani: tano.
Tano.
Tano.

Nikachomoa soketi. Pini moja imeota ukungu,
kijani ndani ya kijani,
mdogo kuliko punje ya mtama.
Mota ilikuwa na macho matatu, moja limefumba;
ikikimbia inabahatisha, ikisimama mlimani haijui
mguu upi utangulie.

Mswaki mkuukuu, spiriti, solda ya shilingi kumi,
grisi juu yake. Dakika ishirini.
Nikamrudishia kontrola yake ile ya meno ya mtoto
iliyokuwa imepanda pale miaka miwili bila kununa.
Akaenda, akapanda, akapiga simu;
nyuma ya sauti yake nikasikia king'ora cha feri.

Nilimrudishia elfu kumi.
Ile elfu moja na mia tano nilikuwa nimeshainunulia mchele,
naye hakuidai, na hilo ndilo linaloniuma.

Jana kijana mmoja wa Tudor ameniletea skuta.
"Kontrola imekufa," akasema, pesa ziko mkononi,
mbichi, zimekunjwa mara mbili.
Labda, nikasema. Sijui bado.
Nikanyoosha mkono msumarini.
Hebu nisaidie tuinue gurudumu.