Miguu ya Tashtiti

Watu wa jukwaani wana darubini.
Mimi nina ndoo, sifongo na kamba,
na pale getini niliposimama miaka mitatu
mstari wa mwisho hauonekani. Unaona ukuta wa choo
na vilele vya miti upande wa msitu wa Ngong.
Kwa hiyo usiniulize alishindaje.
Niulize alirudije.

Aliletwa na lori kutoka Molo, Jumanne ya mvua,
mtamba wa rangi ya chai iliyokolea,
jina kwenye karatasi: Tashtiti.
Aliniuma bega kabla hatujaamkiana.
Bi Tremlett akacheka: Mukabwa, huyu wako.

Mbio za kwanza, wa mwisho kati ya saba.
Kimeu alishuka tandikoni akitema matope,
akaapa kwamba penye kona mnyama alipunguza mwendo
amtazame kongoti
aliyekuwa akitembea nyasini kama karani wa mahakama.
Usiku nilimwosha. Miguu mikavu, baridi,
hata jasho la kudanganyia hakuna.
Nikamwambia, Mama, bado hujaanza.

Mwezi wa tano akaanza.
Ardhi ya getini hunong'ona
kabla mtangazaji hajapandisha sauti;
kisha viti vya chuma vikalia kwa pamoja,
na jina lake likapita juu ya ukuta wa choo
kama kishada kilichokatika uzi.

Akazifululiza.
Ya pili alirudi na goti limechubuka.
Ya tatu, kiatu cha nyuma hakipo
(nilikitafuta Jumatatu nzima; kiko juu ya mlango wangu, Ngando).
Ya nne, njaa tu: alimaliza pumba, akaitaka na kofia yangu.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Hawakuwahi kufunga bandeji mguu ule.

Kisha Dabi. Madume kumi na moja, na yeye.
Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri, udongo umekuwa uji.
Walipofika nusu, stima zikapotea.
Kipaza sauti kikafa katikati ya neno.
Hata magari ya kule barabara kuu niliyasikia.
Nikaweka ndoo chini, nikafumba macho:
kwato nne, peke yake.
Kimya. Nikavuta pumzi, nikaishusha, nikavuta nyingine.
Ndipo mvua ya kwato za wengine.
Nilikuwa nimeshaanza kulia
wakati jukwaa bado linabishana.

Alishinda tena mara tatu. Magazeti yana hesabu hiyo.
Ya mwisho, usiku, kiganja changu
kilikuta kwenye kano ya mbele, kushoto, joto dogo,
kama la yai lililotagwa sasa hivi.
Hakuwa anachechemea. Hakuna mwingine aliyejua.
Zilibaki wiki tatu kufika mbio za Kombe,
na bahasha ya Bwana Vora, na karo ya Nafuna.
Nilikaa juu ya ndoo mpaka taa za Lenana zikazimwa.

Asubuhi nilimwambia Bi Tremlett.
Alipapasa mara moja, akasema hamna kitu.
Mara ya pili.
Mara ya tatu mkono wake ukabaki palepale.

Lori lilikuja Alhamisi. Anazaa huko sasa, nasikia.
Nafuna alikaa nyumbani muhula mmoja.

Vijana wapya huniuliza ile Dabi ilikuwaje,
wewe si ndiye uliyekuwepo?
Nawaambia: nne.
Halafu kimya.
Halafu wengine.